Kocha wa Timu Isiyokuwa na Mpinzani

Kwanza niseme jinsi alivyotembea, maana watu wa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, walimtambua kwa mwendo kabla hawajauona uso wake. Alipiga hatua ndefu, zote za urefu mmoja, mikono nyuma, midomo ikicheza kidogo. Alikuwa anahesabu. Kutoka kanisani hadi sokoni, kutoka sokoni hadi kwenye nyumba za zamani za kampuni ya migodi tulikokaa, alijua ni yadi ngapi. Ukimsalimia katikati ya hesabu alikuinulia kidole usubiri, akamaliza kumi yake, ndipo akakujibu: "Jambo, tata. Habari ya nyumba?"

Tulimwita Kocha. Padri alimwita hivyo, wauza makaa walimwita hivyo, na mama yangu, ambaye kwa miaka yote hakuelewa anafundisha kitu gani, alimwita Tata Kocha, yaani Baba Kocha. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi zake na sitaliandika hapa. Hata yeye alipoitwa kwa jina hilo ofisini alichelewa kuitika.

Alikuwa amefundisha mpira wa Kimarekani huko Marekani kwenyewe, zaidi ya miaka ishirini, katika shule ya sekondari ya mji mdogo wenye baridi. Sisemi ule mpira wa miguu ambao Kolwezi nzima inaujua. Nasema ule wa mikono, wa mpira mrefu kama papai, wachezaji wakivaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakigongana vifua. Alianza huko kwa kubeba vifaa, akawa msaidizi, kisha akawa kocha mkuu. Aliporudi kwetu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mizigo yake ilikuwa begi moja la nguo na gunia la mipira. Miezi kadhaa baadaye lilifika sanduku kupitia Lubumbashi, zawadi ya watu wa kanisa la huko. Ndani yake mlikuwa na mabega ya plastiki na kofia ishirini na mbili zilizochakaa, kila moja imechorwa ndege mkali mwenye mdomo uliopinda. Rangi ilikuwa imebanduka, ndege akabaki nusu. Siku ya kwanza tulipotoka nazo uwanjani mwanamke mmoja aliyeuza mandazi alitazama, akauliza, "Na bale bakuku ni ba nani?" Tangu siku hiyo timu yetu iliitwa Bakuku. Kocha alikasirika wiki moja, kisha akaandika KUKU kwa chaki kwenye sanduku la vifaa.

Kiswahili chake kilikuwa cha utoto wake. Alikiacha akiwa kijana, akakikuta kimeendelea bila yeye. Alitumia maneno ya wazee waliokwisha kufa, na vijana wa timu, ambao wengi walikuwa wachimbaji wa madini waliotoka Kasai, Likasi na hata Kapanga, walicheka hadi wakashika matumbo. Alipotukana alitukana kwa Kiingereza. Alipoomba msamaha aliomba kwa Kiswahili, na aliomba karibu kila siku, mmoja mmoja, akikufuata ulipokuwa unafungua viatu. "Asubuhi nilikuita jina mubaya. Unisamehe." Wengi hawakuwa wameelewa kama wametukanwa.

Nilikuwa kapiteni wake. Wakati huo nilikuwa nasoma ukarani, nikikaa kwa mama, na nadhani alinichagua kwa sababu nilikuwa najua kuandika vizuri. Nilishika daftari la mahudhurio. Yeye alishika daftari lingine, jeusi, alimochora vile vimistari na viduara vya kuonyesha nani akimbie wapi. Mchezo wenyewe alitueleza kwa mchanga na vijiti. Una majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ukifika, unapewa mengine manne. Usipofika, unampa mwenzako mpira. Ni hivyo tu, alisema, mengine yote ni kelele.

"Ni kama kuchimba," alisema Kazadi. "Tofauti ni kwamba hapa tunachimba kwenda mbele."

Kocha alimtazama kwa muda. Kesho yake alimpa nafasi ya mrushaji, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua utakwenda kwa nani. Kazadi alikuwa mchimbaji, mtoto wa pekee wa mama mmoja muuza nyanya hapo Dilala. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kazi, lakini mpira ukitoka mle mikononi ulizunguka safi, ukaruka kimya, ukamkuta mtu kifuani hata kama mtu huyo alikuwa hajageuka. Mimi nilikuwa mrushaji wa pili. Yaani nilikaa kando.

Jambo lililowashangaza wote ni maji. Kila dakika kumi Kocha alipiga filimbi, hata tukiwa katikati ya jambo zuri, na kila mtu alikwenda kwenye pipa la buluu kunywa. Alisimama hapo akikutazama hadi kikombe kiishe. Wachimbaji, waliozoea kushinda shimoni bila tone, waliona ni mchezo wa kitoto. Siku moja kijana mmoja anayeitwa Mbuyu alijifanya anakunywa, akamwaga maji nyuma ya mgongo wake. Kocha aliona. Tulidhani atapiga kelele. Badala yake aliketi juu ya sanduku, akatuambia tukae.

Alitueleza kwa maneno machache. Huko alikofundisha, mazoezi huanza wakati wa joto kali. Alikuwa na kijana wa miaka kumi na sita, mkubwa wa mwili, mvivu kidogo, mcheshi. Siku hiyo kijana alichelewa, naye Kocha akamwambia akimbie kuzunguka uwanja mpaka atakapoambiwa aache. Kijana aliomba maji. Kocha akasema, baadaye.

"Akaniambia, Kocha, naona giza. Nikamwambia akimbie."

Alikufa siku ya pili hospitalini. Shule ilimwondoa Kocha kazini. Hakufungwa. Mkewe alikaa naye mwaka mmoja kisha akamwacha, akabaki huko na binti yao.

"Baba wa ule mutoto hakunipiga," alisema. "Nilimungojea anipige. Alikuja mpaka ku mulango, akaniangalia, akarudia."

Mbuyu aliinuka, akachota kikombe, akanywa, akachota kingine. Tangu hapo tulikunywa wote, na hatukuwahi kuwaeleza wengine sababu.

Watu waliomwuliza jinsi ya kufika Marekani, na waliuliza kila juma, aliwajibu, "Kuko baridi," akabadilisha mazungumzo. Lakini mtu akiisema vibaya Marekani mbele yake aliondoka. Ibada ya Jumapili aliisikiliza akiwa amesimama nyuma karibu na mlango, na hakuwahi kukubali timu iombe kabla ya mazoezi. "Mungu asichanganywe mu hii mambo," alisema. Alitufundisha kuwa mwanaume halii uwanjani, lakini kwenye harusi ya dada yake Mbuyu alilia wazi, mbele ya watu, hadi mama wa bibi harusi akamletea taulo. Alijipikia bukari, yaani ugali, mwenyewe na alipika vibaya. Alipenda kufagia.

Shida kubwa ya timu ilikuwa kwamba haikuwa na wa kucheza naye. Kolwezi nzima, Likasi, Lubumbashi, hakukuwa na timu nyingine ya mchezo huo tuliyoijua. Tulifanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kwa miaka mitano, tukijiandaa kwa mpinzani ambaye hayupo. Wapya walipouliza tutacheza lini, Kocha alisema, "Mukikuwa tayari." Sisi wa zamani tulijua kwamba tulikuwa tayari siku nyingi.

Kisha alipata habari za wanafunzi ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, waliokuwa wameanzisha timu. Alizungumza nao kwa simu miezi minane. Siku ikapangwa, Jumamosi moja ya kiangazi. Tulichora mistari ya uwanja kwa chokaa. Watu walijaa tangu asubuhi, maana Dilala nzima ilitaka kuona Bakuku watapigana na nani. Tulivaa saa tatu. Jua lilipanda, plastiki ikatuchoma mabegani, tukanywa maji kila dakika kumi kama tulivyofundishwa. Saa sita Kocha alipiga simu, hakuna jibu. Saa nane simu yake ililia. Alisikiliza, akasema kwa Kiingereza neno moja la kushukuru, akairudisha mfukoni. Basi lao lilikuwa limezuiliwa mpakani kwa sababu ya karatasi. Walikuwa wamekwisha kugeuza.

Alitugawa mafungu mawili, akaweka Kazadi upande mmoja na mimi upande mwingine, akapiga filimbi. Tulicheza mechi nzima. Mwanzoni watu walicheka, wakapiga kelele, "Bakuku banapigana benyewe kwa benyewe!" Kisha wakachoka. Walianza kuondoka wawiliwawili, wakichukua viti vyao. Mwishoni walibaki wanawake watatu waliokuwa wanasubiri kuuza mandazi yaliyobaki, na mama yake Kazadi na beseni lake. Upande wa Kazadi ulishinda. Kocha alifungua daftari jeusi, akaandika tarehe, akaandika matokeo kama mechi halali: Sisi kumi na nne, Sisi sita. Aliniomba nitie sahihi kama kapiteni wa walioshindwa.

Baada ya siku hiyo aliongeza ukali. Nadhani aliona timu inaanza kulegea na akaogopa. Aliweka sheria: mtu akichelewa mara tatu anakaa nje wiki mbili, haji uwanjani kabisa. Aliyenaswa wa kwanza alikuwa Kazadi. Ilikuwa lazima awe yeye, maana wenzake wa shimoni walianza kushuka mapema zaidi, kabla ya mazoezi, na yeye alishuka nao kwanza ndipo akakimbia kutoka huko hadi uwanjani akiwa na udongo masikioni. Mara ya tatu alichelewa dakika chache tu. Niliandika dakika hizo kwenye daftari. Ningeweza kutoandika.

Hapa ndipo pagumu kwangu.

Alhamisi ya wiki ya kwanza nilikutana na Kocha njiani, akatembea nami bila kuhesabu. Nilishangaa kwa hilo. Alisema alikuwa hajalala vizuri. Aliniuliza, "Kapiteni, Jumamosi tumurudishe Kazadi?"

Nakumbuka jinsi nilivyojibu haraka. "Kocha, ulisema wiki mbili. Ukipunguza leo, kesho nani atakuheshimu?"

Alitembea kidogo. "Ni kweli, uko na haki," alisema.

Sikuwa nafikiria heshima yake. Tangu Kazadi aondoke nilikuwa nimesimama mahali pake, na nilikuwa nimeonja jinsi timu nzima inavyogeuka kukutazama mpira ukiwa mkononi mwako. Nilitaka wiki nyingine moja.

Jumamosi hiyo nilirusha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Tulikuwa katikati ya mazoezi pikipiki ilipoingia uwanjani moja kwa moja, ikikata mistari, dereva akipiga kelele kwamba shimo la akina Kazadi limeanguka. Kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kumtoa, alikuwa bado chini na wenzake asubuhi ile. Wengine walitoka. Yeye udongo ulimkamata kiunoni, na wenzake, kwa kumhurumia, walimvuta kwa nguvu, mgongo ukavunjika.

Kocha alipanda nyuma ya ile pikipiki kabla dereva hajasimama vizuri. Tulibaki na kofia zetu mikononi. Nilikuwa bado nimeshika mpira.

Kazadi hakufa. Hospitalini walisema miguu yake haitatembea tena. Kocha alikaa pale kwenye benchi la korido siku tisa, na wauguzi walidhani ni baba yake. Siku ya kumi alirudi Dilala, akaita timu, akagawa zile kofia kwa wachimbaji. "Muende nazo kule chini," alisema. "Zikinge hata kichwa tu." Hatukufanya mazoezi tena. Kwa muda mrefu baada ya hapo ungeweza kuona vijana wakitoka mashimoni na yule ndege nusu kwenye vipaji vya nyuso zao, na Kocha akipita barabarani aliwapisha.

Watu walizungumza. Walisema adhabu yake ndiyo iliyompeleka Kazadi shimoni siku ile, na wengine, sijui walisikia wapi, walisema hata huko Marekani alikuwa ameua mtoto. Alisikia yote. Hakuwahi kusema kwamba aliniuliza mimi. Nilingoja aseme. Kila mtu aliponitazama kwa muda mrefu nilidhani amekwisha kuambiwa. Miezi mitatu baadaye nilipata kazi Likasi katika ofisi ya malori, nikaondoka bila kwenda kumwona Kazadi hata mara moja.

Nilikaa huko miaka minne. Nilirudi Kolwezi kwa sababu mama aliugua, na siku ya pili nilikwenda sokoni kumnunulia nyanya. Mama Kazadi aliniona kabla sijapata nafasi ya kugeuka.

"Kapiteni! Ni weye?" Alinishika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umezeeka sana. "Uende umuone mwenzako. Utamukuta na Kocha. Eko kwangu kila siku, asubuhi mpaka jua iingie. Mi nisingeweza peke yangu, na soko hii."

Nilikwenda kwa sababu alinitazama mpaka nikaanza kutembea.

Kocha alikuwa uani, anafua shuka katika beseni. Mwili wake ulikuwa umeisha. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka na mguu mmoja umevimba, amefungua viatu. Kifo chake, kilichokuja miezi michache baadaye nikiwa Likasi tena, kilikuwa tayari kinaonekana. Alinitambua mara moja, akanipa upande mmoja wa shuka tukamue.

"Anapashwa kugeuzwa kila masaa mbili," aliniambia, kana kwamba tuliachana jana. "Kama hapana, ngozi inaoza. Niliandika ku ukuta. Kushoto, mugongo, kuume. Nilikata ile mabega ya plastiki, nikatoa sponji, nikatia chini ya visigino. Visigino ni bizuri sasa. Mugongo ndiyo inanisumbua. Na hii mukono yangu haina tena nguvu."

"Anasemaje?" niliuliza.

"Kazadi? Mwaka ya kwanza alikuwa ananifukuza. Alinirushia kikombe. Sasa ananyamaza. Siku ingine tunaongea juu ya mpira."

Tulitandaza shuka kwenye kamba. Ndipo nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. "Kocha, ulimwambia? Kwamba uliniuliza, na mimi nikakataa?"

Alinyoosha pembe ya shuka, akarudia kuinyoosha.

"Kocha ilikuwa ni mi," alisema. "Weye ulikuwa muchezaji. Nilikuuliza, ukajibu. Mwenye kuamua ilikuwa ni mi."

"Lakini watu walikusema wewe tu."

"Na banasema kweli."

Nilitaka kukubali. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kukubali, nirudi kwa mama na nyanya zangu. Kisha nikaingia ndani.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, kimefagiwa hadi pembeni. Kazadi alikuwa amelala chali, mikono yake minene ikiwa juu ya shuka. Saa zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa makaa. Hakushangaa kuniona, labda alikuwa amesikia sauti yangu uani. Nilimsalimia, akaitikia. Nilibaki nimesimama, nikamwambia yote: Alhamisi ile, swali la Kocha, jibu langu, na kwamba sikuwa nafikiria sheria bali nafasi yake. Kocha alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Nilimsikia akihema.

Kazadi alitazama dari.

"Minajua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Ulikuwa unaitaka sana ile nafasi. Wakati minarusha, wengine bote banaangalia mpira. Weye ulikuwa unaangalia mikono yangu." Akageuza macho kwa Kocha. "Saa imefika. Munigeuze."

Kocha alitazama maandishi ya ukutani. "Sasa ni upande ya mulango."

"Ukuta," alisema Kazadi.

Kocha hakubishana. Alinivuta mkono, akaniweka mahali pake. Akanionyesha: kiganja kimoja chini ya bega, kingine chini ya nyonga, miguu yangu mbali, nguvu itoke kwenye mapaja si mgongoni. Alisema kwa sauti ile ya uwanjani, lakini ya chini. Alihesabu. Kazadi alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tukamgeuza, akatupa mgongo, uso karibu kabisa na ukuta. Fulana yake ilikuwa imepanda, na pale chini kwenye kiuno palikuwa na kidonda chekundu chenye upana wa sarafu.

 

Kocha alichukua kichupa cha mafuta kilichokuwa dirishani, akanimiminia kidogo kiganjani, akarudi nyuma kunipisha nimpake mgongoni.